Faili la Mistari Mitatu

Mwanzoni mwa 2024 kulikuwa na msimbo uliojificha ndani ya programu ndogo ya kubana mafaili, na ulikuwa na tabia za mwizi mzoefu. Kabla ya kugusa kitu, ulichungulia kwanza. Uliangalia mashine ni ya aina gani. Ukaangalia kompaila inayotumika. Halafu ukauliza swali moja la ajabu: je, hapa kuna faili linaloitwa debian/rules? Au, kama tuko kwa kina Fedora, kuna alama ya RPM? Jibu likiwa hapana, ulitulia tuli, programu ikajengwa safi kama kawaida. Jibu likiwa ndiyo, kazi ilianza.

Kati ya watu wote wanaotumia Linux, ni wachache sana wamewahi kufungua debian/rules. Mtumiaji wa kawaida wa Ubuntu halioni kabisa; anaandika apt install, anangoja kidogo, imeisha hiyo. Lakini huyo mwizi alilijua vizuri, kwa sababu hapo ndipo programu ya mtu mmoja inapogeuka kuwa programu ya mamilioni. Historia ya faili hili haiko kwenye vitabu vya shule, na kusema ukweli hata kwa watu wa kompyuta inahesabika kama mambo ya jikoni. Mimi naona ni historia ya kuaminiana: nani alimwamini nani, akaacha kukagua nini, na kwa nini.

Tuanze New Jersey, 1976, kwenye maabara za Bell Labs. Programu ziliandikwa kwa vipande, mafaili mengi, na ukibadilisha moja ulipaswa kukumbuka kulikompaili upya, yaani kuligeuza kutoka maandishi anayosoma mtu hadi namba zinazoendeshwa na mashine, kisha kuunganisha vipande vyote. Ukisahau faili moja, unaendesha programu ya jana ukidhani ni ya leo. Siku moja Steve Johnson, jamaa aliyeandika yacc, aliingia ofisini kwa Stuart Feldman akifoka. Alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa ambalo alikuwa amesharekebisha. Alisahau tu kukompaili. Feldman mwenyewe alikuwa ameteswa na jambo lilo hilo jioni iliyotangulia. Akaketi wikendi moja, akaandika make.

Unaipa make faili moja, Makefile, linaloeleza nini kinategemea nini na amri gani inajenga nini. Yenyewe inaangalia saa za mafaili na kujenga upya kilichobadilika peke yake. Hadi leo kila mtu aliyewahi kuandika Makefile amewahi kulaani jambo moja: mstari wa amri lazima uanze kwa kitufe cha Tab. Ukiweka nafasi za kawaida, ambazo kwa macho hazina tofauti, inakataa. Feldman alikuja kueleza kwamba alipogundua hilo ni wazo baya tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili, wengi marafiki zake, na hakutaka kuwaharibia. Kwa ajili ya watu kumi na wawili, karibu miaka hamsini ya mateso! Mnamo 2003 ACM ilimpa tuzo kwa kazi hiyo, na alistahili. Lakini kumbuka huo mtindo wa kuhurumia mtumiaji wa leo na kumwachia deni mtumiaji wa kesho. Tutakutana nao tena.

Shida iliyofuata ilikuwa Unix yenyewe kuvunjika koo. Sun walikuwa na yao, HP yao, IBM yao, Berkeley yao, na kila moja iliweka vitu mahali tofauti. Makefile iliyofanya kazi huku ilikufa kule. Mwaka 1991 David MacKenzie, akifanya kazi na programu za GNU, alianza kuandika Autoconf. Wazo lake: programu isafiri na skripti inayoitwa configure, ambayo ikifika kwenye mashine yako inaanza kuuliza maswali. Una kompaila gani? Laibrari hii ipo? Kazi hii inaitwaje hapa kwenu? Baada ya majibu inakuandikia Makefile inayokufaa. Kuanzia hapo vijana wa Linux wakapata sala yao: configure, make, make install.

Kuna mambo mawili ya Autoconf ambayo bila kuyajua huwezi kuelewa kilichotokea 2024. La kwanza, configure haiandikwi na mtu. Mwandishi wa programu anaandika maagizo mafupi katika lugha inayoitwa m4, ya miaka ya 1970, halafu Autoconf inayapanua kuwa skripti ya maelfu ya mistari. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeisoma. La pili, MacKenzie na wenzake hawakutaka kumlazimisha mtumiaji awe na Autoconf kwenye mashine yake. Kwa hivyo mwandishi anaitengeneza configure nyumbani, anaiweka pamoja na msimbo, anabana kila kitu kuwa faili moja, na hilo ndilo analotoa. Tuliite robota, kama robota la mitumba pale Gikomba. Na kama pale Gikomba, lililomo ndani ya robota si lazima lifanane na lililokuwa kabatini kwa mwenyewe.

Ulikuwa ukarimu, tena ukarimu wa kweli. Watu wa 1991 walikuwa na mashine dhaifu na intaneti ya kubahatisha.

Agosti 16, 1993, Ian Murdock, mwanafunzi wa miaka 20 pale Purdue, Indiana, alitangaza Debian. Jina ni la Debra, mpenzi wake, na lake mwenyewe, yameunganishwa. Alichochoka nacho ni kwamba Linux ya wakati huo ilikuja kama sufuria la mabaki: kila kitu kimerundikwa, na hakuna anayewajibika kwa kipande chochote. Debian ingefanya kila programu iwe kifurushi, na kila kifurushi kiwe na mtunzaji wake, mtu mwenye jina. Mtunzaji huyo mara nyingi si mwandishi wa programu. Yeye anasimama katikati: anapokea robota kutoka kwa mwandishi, anaongeza folda moja inayoitwa debian, na ndani ya folda hiyo anaweka faili la rules linalosema jinsi ya kujenga. Sheria ya Debian inataka faili hilo liwe Makefile. Ndiyo, Makefile ile ile ya Feldman, pamoja na Tab zake.

Hapo ndipo mgogoro wa mifumo miwili unapoanza. Mfumo wa ujenzi wa mwandishi unafikiri unaongea na mtu mmoja, kwenye mashine moja, anayetaka programu iwekwe sasa hivi. Debian inataka kitu tofauti kabisa: jenga, lakini usiweke, jifanye unaweka kwenye /usr, lakini kwa kweli weka kwenye folda ya muda, ndiyo nikufungashe. Programu nyingi zilikuwa na Makefile zilizoandika njia za mafaili moja kwa moja, bila nafasi ya kubadilisha. Mtunzaji alilazimika kuibembeleza kila moja kwa namna yake. Halafu kulikuwa na kazi za mwisho: kubana kurasa za msaada, kurekebisha ruhusa za mafaili, kutafuta programu inahitaji laibrari gani, kuondoa taarifa za utatuzi. Debian 1.1, ya Juni 1996, ilikuwa na vifurushi 474. Fikiria mafaili 474 ya rules, marefu, yamenakiliwa kutoka moja hadi jingine kama assignment ya comrades usiku wa manane, na kosa la wa kwanza limerithiwa na wote. Sheria ikibadilika, kwa mfano nyaraka zihamie folda nyingine, mafaili yote yafunguliwe kwa mkono.

Christoph Lameter alijaribu kwanza kupunguza maumivu hayo kwa kitu kinachoitwa debmake. Kisha, 1997, Joey Hess akatoa debhelper: lundo la amri ndogo ndogo, kila moja ikianza na dh_, kila moja ikifanya jambo moja. dh_compress inabana. dh_strip inaondoa taarifa za utatuzi. dh_shlibdeps inatafuta laibrari. Sheria ikibadilika, unabadilisha amri moja na vifurushi vyote vinapata kwa kujengwa upya tu. Watu waliipenda haraka. Lakini sasa rules ikawa orodha ya amri ishirini na kitu, na orodha hiyo ilikuwa ile ile karibu kila mahali. Likaja kundi jingine na CDBS, lililojaribu kuficha orodha nyuma ya mafaili ya kuazima. Likafanya kazi, ila likikosea ulikuwa unatafuta sindano gizani.

Mwaka 2008 Hess akafanya jambo ambalo mimi naliona kama moja ya kazi safi kabisa katika historia ya Linux. Aliandika amri iitwayo dh tu. Faili zima la rules likawa hivi:

#!/usr/bin/make -f
%:
	dh $@

Basi. Mstari wa kwanza unasema hii ni Makefile. Wa pili unasema, lolote utakaloombwa. Wa tatu unasema, mpe dh afanye. (Na ndiyo, mstari wa tatu unaanza na Tab.)

dh inajuaje cha kufanya? Inachungulia. Ndani ya debhelper kuna folda ya moduli za Perl, moja kwa kila mfumo wa ujenzi. Ikikuta skripti ya configure inasema, aha, hii ni Autoconf, na kuiendesha ikiiambia nyumbani ni /usr. Ikikuta CMakeLists.txt inajua ni CMake, mfumo uliozaliwa mwaka 2000 kwa pesa za maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, ukapata umaarufu KDE walipouhamia. Ikikuta meson.build inajua ni Meson, iliyoanzishwa na Jussi Pakkanen wa Finland na ambayo GNOME na systemd waliikimbilia. Kila mfumo mpya ukitokea, mtu anaketi na kuifundisha dh mfumo huo mara moja, na maelfu ya watunzaji hawaandiki chochote.

Kufundisha huko si kazi ya kubonyeza tu. Chukua Meson. Yenyewe ina tabia nzuri: ikikosa laibrari inaweza kuipakua kutoka intaneti na kuendelea. Kwa mtu aliye nyumbani ni raha. Kwa Debian ni sumu, kwa sababu kifurushi lazima kijengwe kutokana na kilichokaguliwa, si kutokana na kilichookotwa mtandaoni saa hiyo. Kwa hivyo moduli ya Meson ndani ya debhelper huipa amri ya kukataza upakuaji huo. Mstari mmoja, na ndani yake kuna falsafa nzima: mwandishi anataka ifanye kazi, mtunzaji anataka ijulikane imetoka wapi.

Usidhani mtunzaji ndiye malaika wa hadithi hii. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL ndani ya Debian aliondoa msimbo kidogo uliokuwa ukilalamikiwa na chombo cha kukagua kumbukumbu. Msimbo huo ndio uliokuwa ukitia bahati nasibu kwenye funguo za siri. Kwa karibu miaka miwili, funguo zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu zilitoka kwenye kapu la takriban 32,000 tu kwa kila aina na ukubwa, idadi ambayo laptop ya kawaida inaimaliza upesi. Luciano Bello aligundua, na tangazo likatoka Mei 13, 2008. Mwandishi na mtunzaji walikuwa wamesemezana juu juu kabla ya hapo, kila mmoja akadhani mwenzake ameelewa.

Sasa turudi kwa mwizi wetu.

Programu ya kubana inaitwa xz, na mwenyewe ni Lasse Collin wa Finland, aliyeitunza kwa zaidi ya miaka kumi bila mshahara. Mwaka 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alianza kutuma marekebisho. Mazuri, ya adabu, ya subira. Mwaka 2022 majina mengine yakajitokeza kwenye barua pepe za mradi, yakimsukuma Collin: mbona unachelewa, mbona usimpe mtu mwingine usukani? Collin alijibu hadharani kwamba amekuwa na matatizo ya afya ya akili, na akawakumbusha kwamba hii ni kazi ya kujitolea isiyolipwa. Hawakujali. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Taratibu Jia Tan akapewa funguo, na mwishowe yeye ndiye aliyekuwa akifunga marobota.

Februari 24, 2024 likatoka toleo 5.6.0, na Machi 9 likafuata 5.6.1. Ukiangalia hazina ya wazi ya msimbo, ile ambayo kila mtu anaweza kuisoma, hungeona mlango. Mzigo wenyewe ulikuwa umefichwa ndani ya mafaili ya majaribio, yale yaliyoharibiwa makusudi ili kupima kama xz inavumilia mafaili mabovu. Nani atashangaa kuona takataka kwenye jalala? Kilichokosekana ni kiwashio, na kiwashio kilikuwa ndani ya robota peke yake: faili la m4, build-to-host.m4, lenye mistari kadhaa ya ziada. Autoconf ilimpa pa kujificha, lugha ya 1977 ambayo watu hukwepa kuisoma. Na ule ukarimu wa 1991, kwamba robota linaweza kuwa na vitu ambavyo hazina haina, ulimpa sababu ya kutoshukiwa. Debian ilikuwa na desturi ya kutengeneza configure upya badala ya kuiamini iliyokuja nayo. Haikusaidia, kwa sababu upya huo ulipikwa kwa viungo vile vile vya kwenye robota.

Mtunzaji akapokea, dh ikachungulia, ikaona Autoconf, ikaendesha. Ilifanya kazi yake barabara. Kiwashio nacho kikauliza swali lake, debian/rules ipo? Ipo. Kikafumua mafaili ya majaribio na kuingiza kitu kigeni ndani ya laibrari ya liblzma. Kwa nini kiliuliza? Kwa sababu mtu anayejenga xz mwenyewe nyumbani pengine ni mtu mdadisi, atashtuka. Kinachojengwa na distro kinakwenda kwenye seva za dunia, na huko hakuna anayetazama.

Lengo halikuwa xz. Lengo lilikuwa sshd, programu ambayo wasimamizi wa seva huitumia kuingia kutoka mbali. OpenSSH yenyewe haina haja yoyote na liblzma. Lakini Debian na wenzake walikuwa wameibandika kiraka ili iweze kuiambia systemd kwamba imeamka salama, na laibrari ya systemd ilibeba liblzma. Kiungo kimoja kidogo, kilichowekwa na wafungashaji kwa nia njema, na njia ikafunguka kutoka kwa mtu mmoja aliyechoka kule Finland hadi kwenye kufuli ya mlango mkuu. Mwenye ufunguo wa siri angeweza kuendesha amri yoyote kwenye seva bila nenosiri.

Aliyeokoa jahazi ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa PostgreSQL. Hakuwa akitafuta wadukuzi. Alikuwa akipima kasi ya hifadhidata kwenye Debian sid, akitaka mashine itulie, akaona sshd inakula prosesa kupita kiasi. Akapima: kuingia kulikuwa kukichukua kama sekunde 0.3, sasa kunachukua 0.8. Nusu sekunde! Akakumbuka malalamiko ya ajabu ya chombo cha kukagua kumbukumbu wiki chache nyuma. Akavuta uzi. Machi 29, 2024, Ijumaa Kuu, akaandika alichokiona mbele ya dunia nzima.

Debian thabiti, ile iliyo kwenye seva nyingi, ilikuwa haijafikiwa bado. Toleo lenye mlango lilikuwa kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, na kwenye matoleo yanayosasishwa mfululizo ya openSUSE na Kali. Ubuntu 24.04 ilikuwa karibu kutoka. Beta yake ilisogezwa wiki moja, na vifurushi vilivyojengwa tangu xz mbovu iingie vikajengwa vyote upya. Kama unasoma hili kwenye laptop yenye 24.04, hiyo ndiyo wiki unayoikalia. Jia Tan alinyamaza. Jina lake la kweli halijawahi kutajwa hadharani, na mimi siamini kwamba ni mtu mmoja.

Tangu hapo kuna ubishi mkali kati ya watunzaji. Wengine wanataka marobota yaachwe kabisa, kila kifurushi kijengwe moja kwa moja kutoka hazina ya wazi. Wengine wanasema Autoconf izikwe, kila mtu ahamie Meson. Naelewa hasira hiyo, ila Meson ingemzuia Jia Tan kwa muda gani? Alikuwa na miaka miwili ya subira na funguo za nyumba. Ninayeelewana naye zaidi ni yule anayeuliza nani anamlipa Collin. Debian 12, ya 2023, ilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000, na nyuma ya vingi kuna mtu mmoja aliye na kazi nyingine mchana. Joey Hess aliondoka Debian 2014. Debhelper aliyoiacha ikabebwa na wengine wa kujitolea.

Collin alirudi, akachukua mradi wake, akaanza kuusafisha mstari kwa mstari. Debian nayo ilikuwa na tatizo la aibu kidogo. Ilitaka kurudisha mashine zote kwenye toleo la zamani, 5.4.5, lakini apt haikubali kushusha namba. Kwake namba kubwa ndiyo mpya, na mpya ndiyo nzuri. Ikabidi watunzaji waidanganye, lakini kwa uwazi. Kifurushi kilichotoka kwa haraka siku hizo, kikajengwa na dh kama vingine vingi, kiliandikwa hivi: 5.6.1+really5.4.5-1.